Tahasusi

Stesheneri ya Kirama, Dabo Rodi, saa kumi na robo.
Umeme umerudi shingo upande,
feni inazunguka kama mtu anayetafuta neno,
na dirisha la kubadilisha linafungwa usiku huu.

Kisanduku kimoja: Fizikia, Kemia, Hisabati ya Juu.
Kingine: Fizikia, Kemia, Baiolojia,
na pembeni, kama mtoto aliyesindikiza wageni,
Hisabati Tumizi.

"Binti, kuna foleni," anasema Kirama.
Foleni yenyewe ni mama mmoja na cheti cha kuzaliwa cha kutoa kopi,
na mvulana anayemalizia hindi la kuchoma.

Mwalimu Mbwambo aliniambia Ijumaa, chaki bado iko sikioni:
"Aikande, usijipendekeze kwa namba.
Chukua Tumizi, ni ya kupita tu.
Chuo hawaulizi jasho, wanauliza pointi."
Sikumjibu. Nilitazama vumbi jeupe begani mwake,
miaka ishirini ya kufuta.

Kaka Ndelilio alichagua ya Juu.
Matokeo yalipotoka alizima simu siku nne.
Sasa yuko Pasua, anafungua injini za bodaboda,
na daftari lake la kalkulasi lilikuwa kigingi
cha kuzuia mlango wa gereji usipigwe na upepo.

Nililichomoa Desemba, nikaweka jiwe.

Ukurasa wa arobaini na moja una doa la oili,
na chini ya doa kuna mstari unaoukaribia mhimili,
unaukaribia,
unaukaribia,
haugusi.
Nilikaa na mstari ule mpaka ugali ukaungua.
Mama akanichapa na mwiko, nami nacheka.

Baba mdogo Eliamini, mpagazi miaka kumi na tisa, nilimuuliza.
Akasema: "Wageni wanaotaka nafuu wanapitia Marangu.
Kuna vibanda, kuna vitanda, njia imepewa jina la soda.
Machame ina jina la pombe kali.
Lakini mimi niliowashusha mgongoni, wengi ni wa soda:
wamepanda haraka, mwili haujajua umefika wapi."
"Kwa hiyo nichague Machame?"
"Nimekueleza habari za wageni.
Wewe umetokea wapi? Shika kamba hiyo, nifunge mzigo."

Mama alikuwa Kiborloni, anafungua belo.
Hajui Tumizi, hajui ya Juu.
Sweta moja, jicho moja: "Elfu tatu." Upande huu.
Nyingine: "Mia tano." Upande ule.
Belo halijafika nusu, ameshajua
limemla au limemlisha.
"Mama, nichague ipi?"
Hakuinua kichwa.
"Ile ambayo ukikosa hutamtafuta wa kumlaumu."

Sasa kipanya kiko mkononi na mkono una jasho.
Nje, mlima haupo. Wiki ya tatu ya masika haupo,
na hakuna Mmoshi anayeona ajabu.

Asije mtu akasema nilikuwa shujaa.
Fizikia nina C, na C yenyewe ya kuokota.
Naijua njia ya Pasua, naijua gereji,
jiwe lile nililiweka kwa mkono wangu.

Nimebofya.

Mashine inauliza: Una uhakika?
Ndiyo. Hapana.
Hakuna kisanduku cha kukaribia,
cha kukaribia tu,
usiguse.

Mvulana amemaliza hindi, anapangusa vidole kwenye suruali.
Mama wa cheti anaguna.
Nikagusa.

"Kuprinti mia tano," anasema Kirama, hata hajaangalia nilichochagua.
Nikampa sarafu ya Mama, ina harufu ya belo.
Karatasi ikatoka ya moto, jina langu likiwa limekosewa herufi moja,
na neno "Juu" limefifia katikati:
wino ulikuwa unaisha.